Kwa Nini Anayeshindwa Kitendawili Hutoa Mji

Nyinyi mnaotegana hapo kwa majina ya nchi, mkishindwa mnatoa Lamu, mnatoa Mombasa, na meno yote nje. Mngezaliwa enzi za bibi yake bibi yangu msingecheka. Kaeni niwaeleze, na anayetaka kunikatiza aondoke sasa hivi.

Zamani hizo kitendawili hakikuwa mchezo. Ukitegwa huna ruhusa ya kukataa, na ukishindwa mtegaji anakwambia, "Nipe mji," nawe unautoa mji wako kweli. Unakunja mkeka, unawashika wanao mkono, unahama. Nyumba na shamba vinabaki kwake.

Basi akaja hapa mtu mmoja jina lake Vuai, mpishi wa misafara, aliyezunguka mbali. Vitendawili vyake vyote vilikuwa vya nchi na jinsi majina yake yanavyotamkwa. Sasa mtu ambaye hajavuka hata kijito cha jirani atayajulia wapi? Nyumba tatu zilihama msimu mmoja. Ilikuwa dhuluma, nasema wazi.

Ikafika zamu ya Bi Mize, mjane aliyemzika mumewe nyuma ya nyumba. Vuai akamtega mbele ya watu: "Nchi gani fukara akiitamka, ametaja asichonacho?" Bi Mize akawaza na kuwazua. Hakupata kitu.

"Nipe mji, mama," akasema Vuai.

Bi Mize akageuka kulitazama lile kaburi. Kisha akasema, "Nakupa Baghdadi."

"Baghdadi si yako."

"Sheria inasema nikupe mji. Nani alisema ni lazima uwe huu? Pokea, mwanangu, nenda ukakae."

Wazee wakateta kidogo, wakaona mama ana haki. Mji umetolewa, na mwenye kupewa mji sharti akaishi huko, hata uwe mbali vipi. Vuai akakaa chini akalia, mtu mzima na ndevu zake. Ndipo alipoeleza kwamba yeye mwenyewe alitolewa kwao kwa kitendawili angali kijana, na miguu yake imechoka kuhama, na hata zile nyumba tatu alizozitwaa hazijawa kwao.

Roho ikamlainika Bi Mize. "Basi nenda kwa mdomo," akamwambia. "Tuambie umefika, umekula nini, halafu urudi. Ila ukirudi utupe jibu, tusilale na dukuduku."

Vuai akajifuta uso. Akasema amekwenda Baghdadi, amekula tende, amerudi, na nchi yenyewe ni Mali. Watu wakashusha pumzi, kisha wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kesho yake Vuai akazirudisha zile nyumba, na vijana wakatumwa kuwaita wale waliohama.

Na tangu siku hiyo, anayeshindwa hutoa mji asioumiliki, popote anapopataka. Mtegaji huenda kwa mdomo, hula kwa mdomo, hurudi na jibu, na usiku kila mtu hulala kwake.