Mbwa Aliyefika wa Mwisho

Wapendwa, hebu mfikirieni mwindaji mmoja mwenye mbwa watano, kila mmoja na njuga shingoni. Wanne walikuwa upepo. Akiwaachia tu, vumbi linatimka, njuga zinalia, vichaka vinapasuka. Wa tano, jike mwenye sikio lililochanika, kila siku alifika wa mwisho, pamoja na bwana wake.

Na desturi ya wawindaji wa pale ni kwamba mbwa wa kwanza kumfikia mnyama hupewa moyo. Jike yule hakuwahi kuuonja. Yeye alitupiwa kwato.

Asubuhi moja mwindaji akamfunga kwenye nguzo ya jiko.

"Baba watoto, mbona unamwacha?" mkewe akauliza.

"Mbio hana. Nimlishe kwa uzuri wa masikio?"

Akaenda na wale wanne. Wakanusa nguruwe pori, dume kubwa, wakamfukuza. Njuga zikavuka korongo, zikapanda kilima, zikafifia. Mwindaji alikimbia mpaka pumzi ikamwishia. Akasimama. Kimya. Kushoto au kulia? Na huko mbele mbwa wamemzingira nguruwe, lakini mbwa huzuia tu. Anayeua ni mkuki, na mkuki ulikuwa mkononi mwa mtu aliyepotea.

Nyumbani jike alivuta kamba na kulia mpaka mama akamfungua. "Haya nenda, umenichosha."

Alitoka kama jiwe la manati. Akamfikia mwindaji, akampita, akasimama, akageuka kumtazama. Mwindaji akasogea. Jike akakimbia tena, akasimama, akageuka.

Mwindaji akaelewa. Kumbe siku zote jike hakuwa mzito. Alikuwa anamngoja yeye.

Walipofika, mmoja wa wale wanne, mbwa mweusi, alikuwa chini, ubavu umepasuka, na nguruwe anamrudia kummaliza. Mkuki ukatua. Mbwa akapona.

Jirani aliyekuja kusaidia kubeba nyama akasema, "Moyo ni wa huyo mweusi. Ndiye aliyetangulia."

"Na mimi nimeletwa na nani?" mwindaji akajibu. Akaukata moyo, akamlisha jike kwa mkono wake.

Wapendwa, sisi tunapenda kufika kwanza. Kwanza kwenye kiti cha mbele, kwanza kuanzisha wimbo, kwanza kusema nimeokoka. Ni vizuri, tukimbie. Lakini nani kati yetu amegeuka kumtazama mama anayechelewa ibada kwa sababu ana mgonjwa ndani? Tumesema ni mzito wa kiroho, tukamtupia kwato. Na yule anayetembea naye polepole, tumemwita mvivu.

Siku ya kugawa inakuja, na kisu hakiko mikononi mwetu. Bwana hatauliza tu nani alitangulia. Atauliza, "Umekuja na nani?"

Basi leo ukitoka mlangoni, kabla hujaanza mbio zako, simama. Geuka.