Unyoya Sikioni mwa Kiboko

Nitoe?

Toa.

Nitoe ya kweli au ya uongo?

Toa iliyo tamu, ukweli wake tutauchambua wenyewe.

Basi kaeni vizuri, mwenye kikohozi akohoe sasa.

Hapo kale mvua iliikataa nchi ya miamba. Iliikataa mwaka wa kwanza, ikaikataa wa pili, na mwaka wa tatu hata kuikataa ikasahau. Wanyama wa miambani wakafunga safari, wakashuka bonde kwa bonde mpaka mto wa Ruhende. Mtoni kulikuwa na maji, na kando ya maji kulikuwa na majani, na kando ya majani kulikuwa na Kiboko.

Miongoni mwa waliohama walikuwamo Pimbi na mama yake. Pimbi ni mdogo kama paka, hana mkia, lakini ana macho yasiyokosa kitu. Mama yake meno yalikuwa yamelika hadi kwenye ufizi. Kila asubuhi Pimbi alipanda mgunga, akachuma machipukizi ya juu, yale laini, akamshushia. Asipopanda Pimbi, mama hali. Mambo yao yalikuwa hayo tu.

Kiboko alikuwa Amiri wa bonde. Alisema vita vinakuja. Vinatoka wapi, hakusema. Vinakuja lini, hakusema. Lakini alitunga kanuni, na Karani wake, Korongo, akasimama kwa mguu mmoja ukingoni akaitangaza:

"Kila kijana mgeni aliyeota meno ya pili, mwenye kibali na asiye na kibali, ataandikishwa jeshini kabla mwezi haujafa. Atakanyaga udongo. Udongo ukishakauka haufutiki. Ataandikishwa mara moja, hataandikishwa mara mbili. Atapewa unyoya mmoja kuwa ushahidi. Akiitwa, atapanda Kilima cha Ulinzi, siku saba, amtazamie adui. Asiyekanyaga, na aliyeitwa asipande, maji hayamjui."

Huo udongo ulikuwa wa mfinyanzi, umetandazwa ukingoni, upana wa mkeka wa mtu mmoja. Kila siku Korongo aliulainisha kwa maji, tepe, tepe, tepe, ili siku ya mwisho uachwe ukauke.

"Na watoto wa Amiri?" mmoja akauliza.

"Wana mafua," Korongo akajibu, akitazama pembeni. Mafua hayo yalikuwa na umri wa miaka mitatu.

Wa kwanza kuandikishwa alikuwa Digidigi. Akalalamika kwamba meno yake ya pili hayajaota bado. Akaachama, ikaonekana ni kweli. Kiboko akacheka majini, bwoho, bwoho, bwoho.

"Aliye udongoni ni kijana," akasema. "Udongo hausemi uongo. Karani, andika hiyo nayo."

Korongo akaiandika, ikawa kanuni. Digidigi akaitwa hata kabla mwezi haujafa, akapanda Kilima cha Ulinzi, siku saba juani, tipu, tipu, tipu, akizunguka kulitafuta vumbi la adui. Na fungu lake la majani huku chini? Kanuni nyingine ilisema fungu la aliyepanda hutunzwa kwa amana na waliobaki. Aliyebaki alikuwa Kiboko, na alilitunza tumboni. Siku hizo saba mama yake Digidigi aliishi kwa kulamba umande.

Pimbi aliyaona hayo. Yeye meno yake ya pili yalikuwa yameota, tena marefu.

"Mama," akasema, "nikikanyaga udongo, nitaitwa. Nikiitwa siku saba, utakula nini?"

"Usipokanyaga, tutakunywa nini?" mama akamjibu. "Kanyaga, mwanangu. Sisi ni wageni, na mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ila wewe kabla hujalishika jembe, uliza mpini wake umetoka mti gani."

Pimbi akaenda kwa Korongo.

"Shikamoo, Karani."

"Marahaba. Kanyaga, uchukue unyoya, upishe wengine. Na ufanye haraka, mmeniacha na baridi mgongoni. Mkizidi kuhamia hapa nitabaki uchi kama kuku wa supu."

"Nisomee kanuni kwanza."

Korongo akamsomea. Pimbi akasema, isome tena. Akaisoma tena. Pimbi akasema, isome mara ya tatu, mimi ni wa miambani, maneno hunichelewa. Korongo akashusha mguu wa kwanza, akainua wa pili, akaisoma mara ya tatu. Kusema haki, hakukasirika. Tangu apewe kazi ile hakuna aliyewahi kumwomba aisome hata mara moja.

"Na ukishakauka udongo," Pimbi akauliza, "unawajuaje walioandikishwa? Kwa sura?"

"Sura hubadilika. Mmoja hunenepa, mwingine hukonda. Mimi nasoma nyayo, sisomi nyuso."

"Ahsante, Karani."

Pimbi akakanyaga, pwa. Wayo mdogo kama ua la mnanaa. Akapewa unyoya wake, akauchomeka begani, akashuka mpaka majini alikokuwa Kiboko.

"Bwana Amiri, shikamoo. Nina neno dogo, lina ukubwa wangu mwenyewe."

"Sema, wewe usiye na mkia."

"Mkia niliuacha kwetu, uchunge nyumba." Wageni waliokuwa foleni wakacheka kidogo, wakanyamaza. "Nimetoka udongoni sasa hivi, Bwana Amiri. Nimeona nyayo nyingi, nzuri sana. Nikajiuliza, ni nyayo za nani?"

"Zenu, mjinga wewe."

"Ndilo lililonitia hofu. Nyati wa bonde la juu akija kesho akasema, hawa walipita kwangu kwanza, hawa ni wangu, Karani atamjibu nini? Udongo mzima hauna alama yako."

Kiboko akaacha kutafuna. Jani likaning'inia mdomoni.

"Hao ni wangu wote."

"Kwa mdomo, ndiyo. Karani hasomi midomo."

"Niweke wayo wangu?"

"Mmoja?" Pimbi akatazama chini kwa adabu. "Mmoja hata mimi nimeweka. Mdogo hamfundishi mkubwa. Ila kwetu miambani, mwenye shamba hulizunguka lote, asije jirani akasema pembe ile umeisahau."

Sasa hapa, wasikilizaji wangu, tusimcheke Kiboko kabla ya wakati. Nani kati yetu ameonyeshwa kitu akaambiwa chote ni chako, akasema basi nipeni nusu?

Kiboko akatoka majini, chubwaa. Akapanda ukingo, puh, puh, puh. Wageni wakampisha. Ilikuwa siku ya mwisho ya mwezi, na Korongo alikuwa ameshaweka kando kibuyu chake cha maji.

"Bwana Amiri," Korongo akasema, "kabla hujakanyaga, kanuni inasema kwamba..."

"Kanuni nimeitunga mimi. Utanifundisha kitanda nilichokisuka?"

Korongo akajisogeza kando. Kiboko akakanyaga, bwata. Akakanyaga tena, bwata. Akazunguka, bwata, bwata. Akaona pembe moja imebaki na kwato za swala, hakuipenda, akaikalia. Akaona pembe nyingine ina ua la mnanaa, akailalia kwa tumbo. Alipoinuka udongo wote ulikuwa Kiboko mtupu, toka pembe hadi pembe, na hapakuwa na alama nyingine hata ya sisimizi.

"Sasa nani atasema si wangu?"

"Hakuna, Bwana Amiri," Pimbi akajibu. "Hakuna kabisa."

Korongo alikuwa karani mwaminifu. Aliyekanyaga hupewa unyoya. Akang'oa mmoja mrefu, mweupe, akautoa kwa heshima. Kiboko akadhani ni nishani. Akauchomeka sikioni, na siku tatu nzima alioga kichwa kikiwa juu, asiuloweshe.

Jua likawaka. Udongo ukakauka, ukawa jiwe.

Mwezi mpya ulipoandama Kiboko alitazama majani ya ukingoni, akaona yamestawi, akaona wenye kuyala ni wengi. Akapiga baragumu. Vita vimekaribia, akasema. Walioandikishwa wote wapande kilimani. Vijana wakajipanga, thelathini na wanane, kila mmoja na unyoya wake. Nyuma yao wakasimama mama zao. Mama yake Pimbi alisimama mbele ya wote, akitafuna kwa mazoea, mdomoni hana kitu.

"Karani, ita."

Korongo akauzunguka udongo mara moja. Akauzunguka mara ya pili. Akainamisha shingo ndefu akatazama kwa jicho la kulia, kisha la kushoto.

"Aliyeandikishwa ni mmoja," akasema.

"Mmoja vipi? Hawa waliosimama hapa ni nini, vichuguu?"

"Nawaona, Bwana Amiri. Nawajua kwa majina, hata mama zao nawajua. Lakini mimi nasoma nyayo, sisomi nyuso."

"Waandikishe upya."

"Kijana huandikishwa mara moja. Wana manyoya yao, wametimiza wajibu, maji yanawajua. Udongo umemwita mwenye wayo mpana, vidole vinne, na tumbo." Akakohoa kidogo. "Una unyoya sikioni, Bwana Amiri."

Wageni wakanyoosha shingo wasikie. Hata mto ulipita taratibu.

"Mimi si kijana," Kiboko akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua.

"Aliye udongoni ni kijana. Udongo hausemi uongo. Uliniambia niiandike, nikaiandika."

Kutoka nyuma Digidigi akasema polepole, "Mbona meno yake yameota vizuri tu," na safari hii wageni walicheka hawakunyamaza. Wenyeji nao wakacheka.

Kiboko angeweza kumkata Korongo vipande viwili. Meno alikuwa nayo. Lakini kanuni ikivunjwa na aliyeitunga, kesho haimfungi mtu mwingine, na Kiboko alilijua hilo kuliko wote waliokuwa pale. Tena alikuwa na ngozi isiyoweza kuishi bila maji. Asiyepanda, maji hayamjui. Akageuka, akaanza kupanda. Puh, puh, puh.

Siku ya kwanza fungu lake la majani lilitunzwa kwa amana na waliobaki. Waliobaki walikuwa wengi, wakalitunza vizuri mno. Siku ya pili wakaendelea kulitunza. Watoto wa Amiri, wenye mafua, walikuja nao kutunza, na mafua yakapona.

Siku ya tatu Pimbi alimchumia mama yake machipukizi, kisha akabeba kibuyu cha maji, akapanda kilima. Alimkuta Kiboko amekaa juu ya jiwe, ngozi imepasuka kama uwanja wa kiangazi, unyoya bado uko sikioni. Pimbi akammiminia maji mgongoni, yaliyobaki akampa anywe.

Kiboko akanywa. Kisha akauliza, "Adui yuko wapi?"

"Sisi hatujawahi kumwona," Pimbi akasema. "Tulidhani wewe unamjua."

Kiboko akatazama mbali. Upande ule hapakuwa na vumbi la jeshi. Palikuwa na miamba mitupu, myeupe kama mifupa, na miti isiyo na jani.

"Pale ndipo mlipotoka?"

"Pale."

Kiboko akahesabu kwa vidole vya mguu wake.

"Nimebakiza siku nne," akasema.

"Nne, Bwana Amiri. Ila Karani anasema kanuni mpya hufuta ya zamani, kama aliyeitunga ataitangaza kutoka hapa juu, wote wasikie."

Basi ikasikika bonde zima, kwa sauti iliyokauka: kilima kitalindwa kwa zamu, mwenyeji na mgeni, mwenye mafua na asiye na mafua, siku moja moja, na fungu la aliyepanda atapelekewa mama yake. Wengine walisema Kiboko alibadilika moyo. Wengine walisema ilikuwa kiu. Mimi sikuwa ndani ya ngozi yake.

Zamu ya kwanza aliichukua Pimbi kwa hiari. Mama yake alipelekewa machipukizi na Korongo mwenyewe, aliyeyachuma juu kabisa bila kupanda mti. Akala, akashiba, akasema, haya ya leo ni laini kuliko yale ya mwanangu, lakini msimwambie.

Na mafunzo ya ngano hii ni haya: kijana mgeni ajiandikishe mapema, atii anachoambiwa, na asimsumbue karani kwa maswali. Na mkubwa akionyeshwa kilicho chake, akikalie chote, asiache pembe.

Ngano yangu imefika mtoni, imekunywa, imelala. Mpite kwa kunyata, na kila mtu aangalie anapokanyaga.