Mkasi wa Meya Chambuso

Katika miaka minne ya umeya, Chambuso alikuwa amezindua madaraja, vyoo, hata mwembe mmoja wa shule. Palipofungwa utepe, mkasi wake ulifika, na nyuma yake likabaki bamba la marumaru lenye jina lake.

Asubuhi moja alisimama mbele ya kibanda cha Siwema, muuza vitumbua jirani na ofisi ya jiji.

"Kesho saa nne askari wanavunja hapa. Nataka pa kuegesha gari langu."

"Mimi ni nani nikubishie, Mheshimiwa?" Siwema akageuza kitumbua. "Ila kesho saa tatu akina mama tuna uzinduzi wetu. Kama una shughuli, tutamwita naibu wako."

"Naibu? Yule hajui hata kushika mkasi! Waandishi wa habari watakuwepo?"

"Wote, baba. Na ngoma."

Kesho yake ngoma ilimpokea kwenye geti la ofisi, ikamsindikiza hadi kwenye pazia refu jekundu. Chambuso hakuwa na tabia ya kuuliza kilichoko nyuma ya pazia. Alikata utepe, akatabasamu kushoto, akatabasamu kulia, akavuta kamba. Vigelegele vikapaa.

Askari nao wakawasili na nyundo. "Tuvunje, Mheshimiwa?"

Meya alikuwa akisoma bamba jipya: "Kibanda hiki cha vitumbua kimezinduliwa rasmi na Mheshimiwa Meya Chambuso. Kiwahudumie wananchi daima."

Kamera zote zilimwelekea yeye.

"Mvunje nini, nyie?" alifoka. "Wekeni nyundo chini, mle vitumbua!"