Mama Langoni pa Uwanja

Mkana kwao ni mtumwa. Nimewasikia mkitupiana methali hii, na mmoja wenu akacheka akidhani mtumwa lazima awe na mnyororo mguuni. Haya, sogeeni. Kama nilivyosimuliwa mimi, ilianza hivi.

Zamani, Wayunani walipoitawala Yerusalemu, palijengwa uwanja wa michezo karibu kabisa na hekalu la Wayahudi. Vijana walikimbia humo uchi, wamejipaka mafuta, na aliyetaka kuwa mtu mbele ya watawala ilibidi aseme Kiyunani na aonekane pale. Wazee wengi walikataa katakata. Elnathani, mwana wa mfinyanzi, alikwenda, tena akajiita Lisandro. Mbio alikuwa nazo, lakini kila alipovua nguo alijikunyata, akiona haya kwa tohara aliyotahiriwa na baba yake, maana Wayunani hawakutahiriwa na waliicheka.

Ijumaa moja Kleoni, mwalimu wa uwanja, alikuwa akichagua kijana wa kwenda kushindana ng'ambo. Elnathani alikuwa amewapita wote. Mwalimu alikuwa karibu kumtaja, mara mwanamke akasimama langoni akihema.

"Elnathani! Mwanangu, baba yako amezidiwa. Anataka kukuwekea mikono akubariki kabla Sabato haijaingia."

Wenzake wakageuka. "Lisandro, nani huyu?"

Elnathani aliutazama udongo wa ufinyanzi kwenye vidole vya mama yake, akamwonea haya, Mungu amsamehe.

"Simjui. Labda muuza mikate."

Mama yake, Shelomiti, hakulia wala hakulaumu. Aliinamisha kichwa. "Samahanini, mabwana. Nimepotea njia." Akaondoka. Alisema uongo ule ili amsitiri mwanawe.

Kleoni hakuwa mjinga. "Pua yake ndiyo pua yako," alisema. "Baba zenu wanaotukataa siwapendi, lakini nawaheshimu. Wewe umemkataa mama yako kwa ajili yetu. Kesho utatukataa sisi kwa ajili ya nani?" Akamtupia kikwangulio cha shaba, chombo cha watumwa wa kuwakwangua wakimbiaji mafuta na jasho. "Kazi yako hii."

Hakuna aliyemshika, na lango lilikuwa wazi. Lakini Elnathani aliinama, akaanza kuukwangua mgongo wa kijana ambaye yeye mwenyewe alimshinda muda mfupi uliopita. Mikono ikaendelea na kazi mpaka jua likaanza kuzama.

Alipofika nyumbani, taa ya Sabato ilikuwa imeshawashwa na baba yake ameshafunikwa shuka. Akiwa mlangoni alimsikia mmoja wa majirani waliokusanyika akiuliza, "Kwani mwanao hukumpata?"

"Sikumpata," Shelomiti alijibu. "Nilipotea njia."

Hapo Elnathani hakuweza tena. Akaingia, mikono ingali inanuka mafuta ya watu.

"Mama hakupotea. Alinipata, nikamkana mbele za watu kwa sababu nilitaka kuwa bwana. Nitazameni vizuri, na watoto wenu muwaambie: mkana kwao ni mtumwa."

Alimpigia magoti baba yake, akauchukua mkono wa maiti, akauweka kichwani pake mwenyewe. Ulikuwa umeshapoa.

Basi mkiisema tena, wanangu, msicheke. Mkana kwao ni mtumwa.