Kijiti Kwenye Tundu la Juu

Nisikilizeni kidogo, wapendwa, na wale wa nyuma wasogee. Kulikuwa na baba mmoja aliyefiwa na mke. Jina lake niacheni nalo, huenda ana ndugu humu ndani. Mkewe alikuwa mwimbaji wa kwaya, na alipoondoka alimwachia vitu viwili: binti mmoja, na kaseti moja ambamo anaimba ubeti mzima peke yake.

Yule baba alikuwa na mashine ya kuchezea kaseti, akajitafutia na amplifaya ya mtumba ya kuikuzia sauti, nzito, bodi yake bati tupu. Fundi akaifungia waya mnene wenye nyaya tatu ndani, na plagi ya pini tatu yenye fyuzi yake. Akamwambia, "Mzee, hii ndiyo saizi yake. Usije ukaibadilisha."

Basi kila Jumamosi mchana, chakula kikishashuka, baba anakaa kwenye kochi na kufumba macho. Pazia linapepea. Kaseti inazunguka polepole, na mkewe anarudi. Naam, anarudi! Anaingia na kanga yake ya nyumbani, anakaa pembeni ya kochi, miguu kaikunja vile vile alivyozoea. Ni nani aliyewahi kufiwa asiyeijua safari hiyo ya mchana?

Lakini palikuwa na mngurumo. Mmmm, chini kwa chini, kama nyuki ndani ya mtungi. Pale hasa mkewe anapovuta pumzi ili aanze kuimba, mngurumo unaimeza. Ikamuuma sana. Mtu kabakiwa na pumzi moja ya mke wake, na hata hiyo haisikii!

Akajaribu hili na lile, mwisho akagundua kwamba ule waya wa kijani na njano ukiachanishwa, mngurumo unakwisha. Akauangalia. Hauleti muziki, hauwashi taa. Wa nini sasa? Akaukata. Plagi ya fundi akaing'oa, akafunga ya pini mbili iliyotoka kwenye redio yake ya zamani. Sasa ninyi mnazijua soketi zetu: matundu mawili ya chini hayafunguki mpaka kitu kiingie tundu la juu. Alifanyaje? Mnacheka! Mnacheka kwa sababu hata kwenu kipo. Alichonga kijiti, akakisukuma tundu la juu, mlango ukafunguka, plagi ikaingia bila ubishi.

Akawasha. Kimya. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu azike, akaisikia: pumzi ya mkewe ikivutwa, ndogo, karibu kabisa na sikio lake. Yule baba alilia machozi ya furaha.

Ikawa hivyo wiki baada ya wiki. Jumamosi moja binti yake alikuwa anapiga deki, miguu peku, huku akiufuatisha ule wimbo wa mama yake.

"Nyamaza, mama," baba akamwambia bila kufumbua macho. "Namsikiliza mama yako."

"Haya, baba." Binti akanyamaza.

Ubeti ukaanza. Baba akazama. Mkewe yupo pale pembeni, anaimba, pazia linapepea. Mara akasikia pumzi ikivutwa. Akatabasamu. Kisha moyo ukamshtuka, maana wimbo huo anaujua kama anavyoijua nyumba yake, na mahali pale mkewe hapumui!

Akafumbua macho. Binti amesimama na kitambaa kibichi, mkono umegandia kwenye bati la amplifaya, mdomo wazi, sauti haitoki. Na mama yake kwenye spika anaendelea kuimba.

Mungu ni mwema, baba hakumrukia kumshika. Alikimbilia swichi ya ukutani, akaizima. Wimbo ukakatika, binti akaanguka sakafuni. Baba akapiga magoti kwenye maji ya deki, akaweka sikio kifuani pa mwanawe, anatafuta pumzi. Hii sasa ndiyo pumzi aliyoihitaji.

Alikuwa mzima. Akamwita, "Baba," na yule mzee akalia kama mtoto.

Fundi alipokuja aliifungua amplifaya, akaona waya mmoja ndani umechubuka na kugusa bati. "Kelele ile ilikuwa na dawa yake, mzee. Ungechomeka mashine ya kaseti na amplifaya kwenye soketi moja, ingetulia. Huu waya ulioukata ndio wa ardhi. Siku zote hauna kazi, mpaka siku ya hatari. Siku hiyo ndio unaopeleka umeme ardhini, fyuzi ikaungua, mtu akapona."

"Lakini soketi si ilikubali?" baba akauliza.

Fundi akachomoa kile kijiti, akamwekea kiganjani. "Uliidanganya. Ilidhani ardhi imefika."

Wapendwa, tuache sasa kumcheka yule mzee. Sisi je? Ile pini ya juu ndiyo ndefu kuliko zote, inatangulia kuingia, na za nyuma yake zinaingia kwa heshima yake. Je, si hivyo kumcha Mungu kunavyotakiwa kututangulia kila tunapoingia, ndoani, kazini, hata humu kanisani? Lakini kuna mngurumo wake. Kunatusumbua pale tunapotaka starehe yetu iwe safi. Basi tumekata waya, tukachonga vijiti. "Bwana asifiwe" yako ya mlangoni, wakati mkeo hujasema naye tangu Jumatano, ni nini hiyo? Na mimi mchungaji wenu ninacho changu, msidhani sina. Milango inafunguka, muziki unalia vizuri, tunasema tumebarikiwa.

Mnaporudi nyumbani leo, kaangalieni soketi zenu. Mkikuta kijiti, kitoeni, mwiteni fundi. Kisha kila mmoja akae peke yake ajiulize, kwa jinsi ninavyoishi, nyumbani kwangu ni nani anapiga deki miguu peku?