Pumzi Moja ya Mbuni

Niiteni!
*Njoo!*
Nije na nini?
*Njoo na uongo!*
Wa miguu au wa mabawa?
*Wa mabawa!*

Haya, sogeeni. Na wewe unayesinzia pale ukutani, nimekuona. Sina kinyongo nawe, nina wivu tu.

Hapo kale palikuwa na bonde refu lisilo na daraja, na wanyama walivushwa kwa tenga. Korongo alilishika tenga kwa miguu, akaruka nalo, puru puru puru, akatua ng'ambo. Mbayuwayu, kidege kisichojaa kiganja, alikaa utosini kwake akimwonyesha njia. Mwenye tenga alikuwa Mbuni.

Mbuni alikuwa na shingo, alikuwa na miguu, alikuwa na mabawa. Ila mabawa yake hayakuruka. Korongo akipaa, moyo wa Mbuni ulichoma. Abiria wakimsifu Korongo, moyo ulichoma. Na Korongo akitua na kufumba macho, hapo ndipo ulipochoma kuliko kote, maana Mbuni kwa kijicho chake hakupata usingizi hata wa kusingiziwa.

Sasa, baraza la wanyama lilikuwa limechora sheria kwenye jabali: Aliyeruka toka jua kuchomoza hadi kuzama, apumzike kabla ya kuruka tena. Baraza hilo lilikaa kila Jumatano, na Mbuni hakukosa hata moja, kwani alipopinga jambo, hakuna aliyethubutu kumjibu. Siku moja akaisoma ile sheria, akairudia, akacheka.

"Kupumzika ni nini?" akamwuliza Korongo. "Ni kuvuta pumzi. Haya, vuta."

Korongo akavuta. Huuu.

"Umeshapumzika. Beba tenga."

Ikawa hivyo. Jua likizama, huuu, beba tenga. Jua likichomoza, huuu, beba tenga. Siku ya tatu, katikati ya bonde, Mama Nguchiro akiwa tengani na watoto wake wanne, Korongo akasinzia. Tenga likashuka, fyuuu. Mbayuwayu akamdonoa utosini, ko ko ko, Korongo akazinduka tenga likiwa linakwaruza vilele vya miti. Walipotua alimwambia Mbayuwayu kwamba anaogopa, kwamba safari ijayo atawaangusha watoto wa wenyewe.

Mbayuwayu akaenda kwa Mbuni kumwombea Korongo siku mbili za kulala. Mbuni akamjibu kuwa sheria ni sheria na pumzi ni pumzi. Mbayuwayu akaona huyu haombwi, huyu anachokozwa. Akageuka kuondoka huku akinong'ona, kama anayejisemea mwenyewe, kwamba afadhali iwe hivyo, Korongo naye alikuwa amezidi kujidai na usingizi wake ule.

"Usingizi gani?" Mbuni akauliza.

"Si kitu, mzee."

"Nimeuliza, usingizi gani?"

"Ule wa kuruka. Aliyebeba tenga kutwa nzima, akilala huruka ndotoni, hata kama mabawa yake hayafai. Lakini mzee wangu, hayo si yako. Hayo ni ya Korongo."

Lo, shingo ya Mbuni ilisimama wima. Yaani Korongo ana yote yale, na hili pia? Akalinyakua tenga palepale, akaamuru Korongo asiliguse mpaka yeye auonje usingizi huo. Korongo akasema sawa, akaenda nyuma ya kichuguu, akakunja mguu mmoja, akalala.

Mbuni hakuweza kuruka, kwa hiyo alilizunguka bonde kwa miguu, tenga mgongoni, gu gu gu. Jua lilipozama alirudi. Akajibwaga chini, pu. Akafumba jicho la kwanza. Kabla hajafumba la pili, Mbayuwayu yuko sikioni.

"Vuta pumzi, mzee."

Huuu.

"Umeshapumzika. Abiria wanangoja."

Mbuni alitaka kukasirika, ila maneno yalikuwa yake mwenyewe. Akataka kumrudishia Korongo tenga, akachungulia nyuma ya kichuguu, akamwona amelala huku anatabasamu. Anaruka yule, akasema moyoni. Anaruka, na mimi nipo hapa chini. Kijicho kikampanda upya, akabeba tenga.

Gu gu gu. Huuu. Gu gu gu. Huuu. Siku ya tatu alikuwa anasalimia vichaka na kumwita Mama Nguchiro baba. Abiria wakashuka wenyewe, wakaona heri watembee. Jumatatu jioni Mbuni akaingia kwenye tope la kiboko, akasimama humo na tenga lake tupu mgongoni, akakoroma. Khrooo.

Alipozinduka, hakuuliza tenga wala abiria.

"Niliruka?"

"Uliruka, mzee," akasema Mbayuwayu. "Umeruka Jumanne yote na Jumatano yote. Leo ni Alhamisi."

Mbuni akashtuka. Akakimbia hadi kwenye jabali, tope likimchuruzika. Jana yake baraza lilikuwa limekaa, likafuta neno "apumzike" na kuchora mahali pake "alale mpaka aamke mwenyewe". Liliuliza mara tatu kama kuna mwenye kupinga. Mwenye kupinga alikuwa topeni, anakoroma. Mbuni akainua macho, akamwona Korongo anapita juu na tenga, puru puru puru, macho hayana usingizi, na Mama Nguchiro tengani anampungia mkono.

Basi, wanangu, funzo ni hili: msilale. Mbuni alilala siku mbili tu maishani mwake, na mmeona yaliyomkuta.

Hadithi imetua. Aliyeipenda ashuke nayo, asiyeipenda aiache tengani. Na huyo wa ukutani mwamsheni anipishe, amelala vya kutosha, sasa ni zamu yangu.