Kalunguyeye Walioambiwa Wakae Tu

Wapendwa, palikuwa na bwana mmoja mkulima wa mboga. Si mkulima wa maekari, la. Alikuwa na kipande chake nyuma ya nyumba, pembezoni mwa mji, na hapo mchicha, figiri na chainizi zilistawi hata majirani wakipita walipunguza mwendo. Alikuwa mtu mwema. Nasema hivi mapema kwa sababu nawajua ninyi, mtaanza kumhukumu kabla sijafika katikati.

Jioni moja anamwagilia, akaona kitu kinatembea kwenye tuta. Kidogo, kimejaa miiba mgongoni. Kalunguyeye! Si nungunungu, jamani. Nungunungu ni jitu zima, likiingia shambani huachiwi muhogo. Kalunguyeye unambeba kwenye kofia. Bwana akamgusa kwa kijiti, yule akajikunja akawa donge, na bwana akacheka peke yake mpaka mkewe akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

"Njoo umwone mgeni wetu," akasema.

"Masikini, kadogo hivi!" mke akasema. "Mbwa wa jirani si watamrarua? Baba watoto, tumsaidie."

Huruma ikawashika wote wawili. Kesho yake bwana akapiga banda la mbao, wavu ubavuni, bati juu, mlango wenye komeo, na ndani akatandika gunia laini. Maziwa asubuhi, ugali jioni. Wiki iliyofuata akaonekana kalunguyeye wa pili, naye akaingizwa. Watu wakaja kutazama, wakasema huyu bwana ana moyo wa peke yake. Na wewe ungesema nini? Mimi ningekuwa wa kwanza kumsifu.

Sasa, katika nyumba hiyohiyo alikuwemo mama yake bwana. Alipofiwa na mumewe kijijini, mwanawe alimfuata akamleta kwake. Siku aliyofika, mwana alimshika mikono yote miwili akamwambia, "Mama, umetulea kwa jembe. Sasa ni zamu yetu. Wewe kaa tu." Akamnunulia kiti kizuri chenye mto, kikawekwa barazani.

Mama akakaa. Akisogeza ungo ili achambue mchele, mkwe anauchukua taratibu: "Mama jamani, utaumiza macho. Kaa tu." Akishika ufagio, wajukuu wanaudaka. Chai inamfuata alipo, na maji ya kunawa pia. Niambieni, ni mama gani hapa kanisani hatamani mtoto wa namna hiyo?

Lakini mama akaanza kupungua. Chakula anakigusa kidogo, anasukuma sahani. Gauni za kwendea kanisani zikaanza kumpwaya. Wakampeleka hospitali, presha nzuri, sukari nzuri, daktari akasema hauoni ugonjwa. Bwana akaogopa kweli. Alikuwa amemzika baba yake, na kila alipomtazama mama pale kitini aliona naye anamwondokea, hivihivi, mbele ya macho yake.

"Mama, nini kinakuuma?" alimuuliza.

"Hakuna, baba," mama akamjibu. "Mnanitunza vizuri."

Kumbe jibu kama hilo linatisha kuliko malalamiko! Mtu anayelalamika walau unajua pa kumshika.

Tuwarudie wageni wa bandani. Nao hawakuwa na hali. Walikuwa wanaharisha, wamelegea, miiba imelala. Na kule bustanini mambo yalikuwa yameharibika, konokono kila jani, viwavi ndani ya chainizi, miche ya juzi imekatwa shingo. Bwana akafanya nini? Akaongeza huruma, wapendwa! Akawabadilishia maziwa, akatafuta ya ng'ombe wa kienyeji. Akawaongezea gunia, baridi isije ikawapata. Akaweka na kipande cha mkate. Kadiri walivyodhoofu ndivyo alivyowabembeleza.

Mwisho mkewe akasema, "Baba watoto, hawa wanakufa. Bora wafie kwenye udongo wao."

Magharibi ile bwana akafungua komeo kwa uchungu, akawabeba kwa kitambaa, akawaweka kati ya matuta. Wakalala palepale. Bwana akachuchumaa kando, kama mtu aliyeketi matangani. Muda ukapita. Halafu pua moja ikaanza kucheza. Yule mnyama akanyanyuka, anayumba, akafika chini ya jani la chainizi, akamkamata konokono. Kra, kra, kra! Wa pili akamfuata. Hapo bwana akaelewa. Wale hawakuwahi kuwa wageni wake. Miaka yote alipokuwa akivuna na kusifiwa, walikuwa wanalinda bustani ile bila kuombwa, naye akaja akawafungia kazi yao nje ya mlango.

Tangu hapo akawasaidia kwa namna nyingine. Banda akalivunja. Akaacha upenyo chini ya uzio ili wapite, akaweka sinia la maji lisilo na kina. Na lile lundo la majani makavu ambalo kila Jumamosi walikuwa wanalifagia na kulitia moto, akaliacha pembeni wajifiche humo. Mkewe alinung'unika kidogo, maana ninyi akina mama uwanja wenye majani mnauona aibu, lakini akakubali. Dawa ya kupulizia wadudu nayo ikawekwa kando. Bustani ikapona. Na asubuhi moja, kabla jua halijatoka vizuri, bwana akamwona jike anavuka tuta na vitoto vyake nyuma, vidogo vya kuchekesha. Akafurahi kama mtu aliyepata mjukuu.

Akachukua kikombe chake cha chai, akaenda barazani kumsimulia mama. "Mama, wamezaa! Kumbe hawakuwa na ugonjwa wowote. Nilikuwa nawalisha chakula kisicho chao, na nimewanyang'anya kazi yao."

Mama akamsikiliza mpaka akamaliza. Akamtazama, akaweka mkono kwenye goti la mwanawe.

"Kalunguyeye umewafungulia, baba," akasema. "Mimi lini?"

Eh! Bwana akaweka kikombe chini. Akajaribu kujitetea, "Mama, lakini miguu yako..."

"Miguu yangu naijua mimi. Hata mgeni ni siku mbili, ya tatu hupewa jembe. Mimi ni mama yako, niko hapa tangu mwaka jana, sijapewa hata kisu cha kukatia mboga. Unanipenda, najua, na ndiyo maana nilishindwa kukwambia."

Bwana akalia. Aliona haya, na papo hapo akasikia raha, maana sasa ugonjwa wa mama yake ulikuwa na jina. Akaenda stoo, akatoa jembe lenye mpini mfupi, akampa. Mama akashuka ngazi za baraza polepole, akafika kwenye tuta la kwanza, akainama, na mnajua neno lake la kwanza lilikuwa nini? "Nani alikufundisha kubananisha miche namna hii?" Mchana huo alikula ugali akauliza kama umebaki.

Sasa njooni hapa tulipo. Mnacheka, na mimi nacheka, lakini kalunguyeye wa kanisa hili wako wangapi? Sisi ni hodari wa kusaidia. Krismasi tunagawa mchele, Pasaka tunagawa unga. Wajane tumewapangia benchi zuri. Yule kijana asiyeona tunamshika mkono mpaka kwenye kiti, na akishakaa tumemaliza naye. Waliohamia kwetu wakikimbia ukame tunawapa nguo. Halafu ikifika harusi au msiba, tunawaambia, "Ninyi kaeni, mtaletewa." Nani asiyejua mila zetu? Anayeletewa sahani ni mgeni. Mwenye nyumba yuko jikoni, moshi machoni, mwiko mkononi, anagombana na wenzake kuhusu chumvi. Tumewapa watu hawa sahani miaka na miaka. Ni nani amewapa mwiko?

Mungu hakuumba mtu wa kupokea tu. Kila mmoja amepewa kitu cha kutoa, na ukimzuia asikitoe, hata kwa upendo, hata kwa mto laini mgongoni, unamnyausha. Tukiona ndugu anapungua tusikimbilie kumwongezea mkate. Tumuulize kwanza, je, tumemfungia nini?

Nilikuwa nifunge kwa maombi, lakini leo siombi mimi. Bibi, wewe uliyekaa karibu na mlango. Ndiyo, wewe, usitazame nyuma. Tumekuletea sukari miaka yote hii na hatujakuomba hata sala moja. Simama, bibi, utuombee. Sisi wengine, tuinamishe vichwa.